Maswali ya Wasomaji: Kiinua Mgongo na Hisa za Kampuni ya Flashi

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mzee wa miaka sitini na mmoja, mkazi wa Changamwe, na nimestaafu baada ya kufanya kazi katika Bandari ya Kilindini kwa zaidi ya miaka thelathini. Mpwa wangu ana duka la kompyuta na simu karibu na Barabara ya Digo, na siku hizi hana mazungumzo nami ila ya kampuni ya Marekani iitwayo SanDisk, inayotengeneza flashi na memori kadi. Ananiambia kwamba aliyenunua hisa zake Februari 2025 aliona fedha zake zikizidi mara nne kabla ya mwaka kwisha, na kwamba katika kundi lao la WhatsApp, lenye vijana wa hapa Mombasa na wenzao walioko ughaibuni, hakuna hata mmoja anayetia shaka kuwa bei itaendelea kupanda. Nami kwa macho yangu naziona flashi hizo zikiuzwa kila pembe ya mji. Nimekusudia kutoa nusu ya kiinua mgongo changu ninunue hisa hizo. Je, nitakuwa nimekosea?
Mstaafu, Changamwe

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu. Jibu langu ni kwamba usitoe nusu ya kiinua mgongo chako kununua hisa za kampuni moja, iwe hii au nyingine yoyote. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu fedha unazozizungumzia ni jasho la miaka thelathini, na ukizipoteza hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi utakaoziba pengo.

Kwanza nimtendee haki mpwa wako, kwani aliyokueleza ni kweli. SanDisk ilianzishwa California mwaka 1988 ikiitwa SunDisk, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Eli Harari na Sanjay Mehrotra. Ilinunuliwa na Western Digital, kampuni ya Marekani ya diski za kompyuta, katika mpango uliotangazwa Oktoba 2015 na kukamilika Mei 2016, kisha ikatenganishwa nayo, na Februari 2025 hisa zake zikaanza kuuzwa peke yake katika soko la Nasdaq. Kabla ya mwaka huo kwisha bei ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya siku za mwanzo, na mwezi Novemba kampuni ikaingizwa katika S&P 500, orodha ya kampuni kubwa ambayo wawekezaji wa Marekani huitumia kupimia hali ya soko lao. Kijana hakukuletea uvumi wa barazani.

Shida yangu iko pale unaposema kuwa flashi unaziona zikiuzwa kila pembe ya mji. Flashi hizo sizo zilizoipandisha bei ya hisa. Ndani ya flashi, ndani ya memori kadi, ndani ya simu na kompyuta nyingi za sasa, mna chipu za aina moja ziitwazo NAND, ambazo hushika data hata umeme ukizimwa. Wanaozitengeneza kwa wingi duniani ni wachache: Samsung na SK hynix za Korea Kusini, Kioxia ya Japani, Micron na SanDisk za Marekani, pamoja na Wachina wanaokuja kwa kasi. SanDisk hutengeneza za kwake kwa ubia na Kioxia huko Yokkaichi, Japani. Mwaka 2025 kampuni zinazojenga vituo vya data, yaani majumba yaliyojaa kompyuta, kwa ajili ya akili unde (AI) zilianza kuzigombea chipu hizi, bei ya chipu ikapanda, na bei ya hisa ikapanda kupita hapo. Kwa hiyo anayenunua hisa hizo leo hanunui imani kwamba madereva wa matatu wataendelea kujaza nyimbo kwenye flashi. Ananunua imani kwamba vituo vya data vitaendelea kujengwa kwa kasi ile ile, na kwamba watengenezaji wenzake hawatalifurisha soko.

Na hao wenzake wana desturi ya kulifurisha. Umewahi kuona biashara ya kuku wa nyama inavyokwenda: bei ikipanda, kila mwenye kibanda cha mabati uani ananunua vifaranga, na baada ya wiki sita kuku wamejaa kila soko, bei imeanguka, na wa mwisho kuingia ndiye anayeuza kwa hasara. Biashara ya chipu za kumbukumbu huenda hivyo hivyo, ila banda lake hugharimu mabilioni ya dola na huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo neema yake ni ndefu zaidi na balaa lake pia ni refu zaidi. Mwaka 2023, miaka miwili tu kabla ya furaha hii, Micron, SK hynix na hata kitengo cha chipu cha Samsung vilipata hasara ya mabilioni ya dola kwa sababu chipu zilikuwa nyingi na wanunuzi wachache. Chipu zenyewe hazikuwa mbovu, wala wasimamizi hawakuwa wazembe.

Sasa nikusimulie kisa cha kampuni nyingine, na ningefurahi kama mpwa wako angekisoma pamoja nawe. Iomega ilianzishwa mwaka 1980 katika mji mdogo wa Roy, jimbo la Utah. Mwaka 1995 ilileta sokoni kifaa cha kuhifadhia data za kompyuta kiitwacho Zip, ambacho kiliuzwa kwa takriban dola 200 na kutumia diski ya kuchomeka na kuchomoa yenye megabaiti 100. Diski laini (floppy) ya kawaida wakati huo ilibeba megabaiti 1.44, kwa hiyo diski moja ya Zip ilimeza yaliyomo kwenye diski laini zipatazo sabini. Kifaa chenyewe hakikuwa na faida kubwa. Faida ilikuwa kwenye diski, ambazo mteja alirudi kuzinunua tena na tena, kama vile muuza gesi anavyokuachia jiko kwa bei nafuu akijua kwamba kila mtungi ukiisha utarudi kwake. Watu walikipenda kifaa hicho kwa dhati, na mauzo ya kampuni yakatoka dola milioni 141 mwaka 1994 hadi milioni 326 mwaka 1995.

Wawekezaji wadogo waliingia kwa moyo wote. Walipashana habari usiku na mchana kwa kompyuta zao, wengi wao kupitia Motley Fool, jukwaa lililoanzishwa na ndugu wawili, David na Tom Gardner. Walioishi karibu na kiwanda walikwenda hata siku za mapumziko kuhesabu magari yaliyoegeshwa nje, ili wajue kama wafanyakazi wanaongezwa zamu. Hilo nalisifu, kwa kuwa ni bidii ambayo wengi wetu hatuifanyi. Bei ya hisa ilipanda zaidi ya mara kumi, na ilipofika Mei 1996 kampuni nzima ilithaminiwa sokoni kwa zaidi ya dola bilioni 5.

Waliohesabu magari hawakukosea hesabu. Mauzo yalipanda kweli hadi dola bilioni 1.2 mwaka 1996, kisha bilioni 1.7 mwaka 1997. Hapa ndipo ningependa utulie kidogo, mzee wangu: mauzo yalipokuwa yakikua kiasi hicho, bei ya hisa haikurudi tena kwenye kilele chake cha Mei 1996. Aliyenunua siku za kilele alikuwa sahihi kuhusu kifaa, sahihi kuhusu wateja, sahihi kuhusu kiwanda, na bado alipoteza. Faida yote ya kampuni kwa mwaka 1995 haikufika dola milioni 10, ilhali watu walikuwa wakiinunua kwa zaidi ya bilioni 5, maana yake walilipa zaidi ya dola 500 kwa kila dola moja ya faida iliyokwisha kupatikana. Ukuaji wote waliokuwa wakiutarajia walikuwa wameshaulipia mapema, na ulipofika haukuwa na cha kuwapa.

Baadaye mambo mengine yalikuja. Mwaka 1998 kampuni ilishtakiwa na wateja kwa sababu ya vifaa vilivyotoa mlio wa tik-tik na kuharibika pamoja na data zao, na mwaka huo ikapata hasara. Sidii za kurekodia, zenye megabaiti 650, ziliendelea kushuka bei hadi zikauzwa kwa chini ya dola moja, ilhali diski ya Zip ilikuwa ikiuzwa kwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Mwaka 2000 flashi za kwanza zikaanza kuuzwa, zikiwa na megabaiti nane tu, na hazikuhitaji kifaa kingine cha kuzisomea. Mshindani wake mkubwa, SyQuest, alikuwa ameshafilisika mwaka 1998. Iomega yenyewe ilinunuliwa na EMC, kampuni ya Marekani ya vifaa vya kuhifadhia data, mwaka 2008 kwa takriban dola milioni 213. Katika biashara hii ya vyombo vya kubebea data, kila kilichotamba kilipinduliwa na kitu kidogo zaidi na cha bei nafuu zaidi, na mara nyingi mpinduzi alitoka mahali ambapo waliokuwa wakihesabu magari hawakuwa wakiangalia.

Simaanishi kwamba SanDisk ni Iomega. SanDisk ina chipu, ambazo zimebaki kuhitajika huku maumbo yake yakibadilika kutoka kadi za kamera hadi flashi hadi diski za ndani ya kompyuta, na faida yake ni kubwa kuliko ile ya Iomega ya mwaka 1995. Tena historia yake yenyewe inanizuia nisikutishe kupita kiasi. Mwaka 2008 Samsung ilitaka kuinunua kwa dola 26 kwa kila hisa, jumla ya dola bilioni 5.85, wakuu wa SanDisk wakakataa wakisema bei ni ndogo. Miezi michache baadaye hisa hiyo hiyo ilikuwa chini ya dola 10, na waliokataa wakaonekana hawana akili. Ila mwenye hisa aliyevumilia hadi Western Digital ilipoichukua mwaka 2016 alipata zaidi ya dola 70 kwa kila hisa. Alingoja karibu miaka minane. Swali ninalokuuliza, na nakuuliza kwa heshima, ni kama wewe unaweza kungoja miaka minane ukiwa na sitini na mmoja sasa, ukiwa na ada za wajukuu, dawa, na paa la nyumba linalohitaji mabati.

Utakumbuka hisa za Safaricom za mwaka 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, waombaji walikuwa zaidi ya 800,000, na wengine walikopa benki ili wasipitwe. Kabla ya mwaka kwisha tangu zilipoanza kuuzwa sokoni, bei ilishuka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Kampuni ni ile ile, na aliyekopa akalazimika kuuza ili alipe mkopo aliumia kwa hisa zile zile zilizomneemesha jirani yake ambaye hakuwa na haraka nazo.

Kuna la sarafu pia. Hisa hizi huuzwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Aliyebadilisha shilingi 160,000 kupata dola 1,000 mwezi Januari alikuwa na takriban shilingi 130,000 miezi sita baadaye, hata kama hisa yake haikusogea hata senti moja.

Kuhusu kundi la WhatsApp, sina ubaya na vijana hao, lakini karibu wote wameshanunua, na mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Aliyenunua hana sababu ya kuleta shaka inayoweza kushusha bei ya alicho nacho mkononi, na mwenye shaka hujinyamazia au hujitoa, kwa hiyo wanaobaki husikia sauti zao tu na kuziita ushahidi. Mwombe mpwa wako akuandikie katika karatasi moja sababu tatu zinazoweza kuishusha hisa hiyo kwa nusu. Akishindwa kuziandika, hajaielewa bado.

Ikiwa baada ya haya yote moyo bado unakutuma, tenga kiasi ambacho kikipungua kwa nusu hakitakuzuia kununua dawa wala kumlipia mtoto ada. Kwa wastaafu wengi walioniuliza jambo kama hili nimekuwa nikisema kiasi hicho kisizidi sehemu moja ya ishirini ya akiba. Zinazobaki, wengine ningewaelekeza kwenye hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali, ambazo Benki Kuu huziuza kuanzia shilingi 50,000, lakini kwa salamu uliyonipa nakukumbusha mapema kwamba zina riba. Kama hilo linakutatiza, vyumba viwili vya kupangisha uani kwako hapo Changamwe, pakiwa na nafasi, ni mradi unaouelewa na unaouona kila asubuhi.

SWALI: Mimi ni mama wa nyumbani hapa Mji wa Kale. Nimerithi fedha kidogo kutoka kwa marehemu baba yangu na ndugu zangu wananishauri ninunue hisa za kampuni za teknolojia za Marekani. Ninachohofia ni kama hisa hizo ni halali. Je, kutengeneza flashi si kazi ya halali tu?
Binti Mji wa Kale

JIBU: Dada yangu, hukumu ya halali na haramu ni ya masheikh, na Mombasa haijapungukiwa nao. Ninachoweza ni kukupa mambo ya kuwapelekea, kwa sababu swali la kazi ya kampuni ni sehemu tu ya swali zima. Kutengeneza chipu na flashi kwenyewe hakuna tatizo kwa wanazuoni wengi wanaoruhusu hisa. Wao huangalia pia deni la kampuni na mapato yake mengine. AAOIFI, taasisi iliyoko Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, imeweka kwamba deni lenye riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote, na hayo mwenye hisa huyatoa sadaka. Takwimu hizo zimo katika taarifa za fedha ambazo kampuni za Marekani hulazimika kuzitoa kila robo mwaka, na hubadilika, kwa hiyo zitazamwe upya kila mara.

Nikuongezee moja la kodi, maana mara nyingi watu hulijua wakiwa wamechelewa. Gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, likitoka kampuni ya Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 huko huko kabla halijakufikia, kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutoza kodi mara mbili.

SWALI: Kuna bwana hapa Likoni anatukusanyia fedha kwa M-Pesa, kila mtu shilingi elfu kumi, anasema atatununulia hisa za kampuni ya memori kadi kwa akaunti yake mwenyewe kisha atatugawia faida kila mwezi. Tuko watu kumi na wanane. Nimwamini?
Kijana wa Likoni

JIBU: Usimpe. Hisa zikiwa kwenye akaunti yake ni zake, na siku atakapofariki au kuhama mji hutakuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu. Tena hisa hazina faida ya kila mwezi, na baadhi ya kampuni za aina hii hazitoi gawio kabisa, kwa hiyo uliza fedha atakazokugawia mwezi wa kwanza zitatoka wapi kama si kwa mwanachama wa kumi na tisa. Wanaoruhusiwa kushika fedha za wawekezaji Kenya hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha yao iko wazi kwa kila mtu. Kama umeshatoa, dai fedha zako wiki hii, kwa maandishi, ukiwa na wenzako.

SWALI: Ninauza flashi na memori kadi pale Mwembe Tayari, na ninawajazia wateja kaswida na taarabu. Bei ya jumla imepanda, na wanaoniletea mzigo wanasema itazidi kupanda, hivyo ninunue ya mwaka mzima sasa. Je, hili linahusiana na hizo habari za hisa?
Mfanyabiashara, Mwembe Tayari

JIBU: Linahusiana moja kwa moja, ndugu yangu. Chipu zinazoingia kwenye memori kadi yako zinatoka katika viwanda vile vile vinavyohudumia vituo vya data, na mtengenezaji akiwa na chipu chache humpa kwanza mteja anayelipa zaidi. Ila anayekuambia ununue ya mwaka mzima ndiye anayekuuzia. Bei ya chipu imewahi kuanguka kwa kasi kuliko ilivyopanda, na memori kadi iliyonunuliwa ghali haiuziki kwa bei hiyo jirani yako akileta mzigo mpya wa bei nafuu. Nunua ya mwezi mmoja, au miwili ukimwamini sana mteja wako, na kila mzigo ukiingia chukua kadi mbili tatu uzijaze mafaili hadi mwisho kisha uyafungue, kwa sababu bei ikipanda ndipo kadi bandia zilizoandikwa gigabaiti 128 huku zikibeba nane tu zinapozidi sokoni.